Lebo Niliyoandika Jina la Karisa

Iko siku moja, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiikumbuka masikio yananichoma. Magoti yangu bado yalikuwa yananitii siku hizo. Nilikuwa juu ya paa la banda langu hapa Tezo, nabadilisha makuti yaliyochoka, simu ikalia mfukoni. Nikapokea kwa mkono mmoja, wa pili nimeshika upau.

"Hallo, hapo ni kwa Karisa wa nyasi?" Sauti ya mwanamke, mtu wa bara.

Simu ni yangu, namba ni yangu, na mtu amtafuta Karisa.

Ngoja nikueleze Karisa ni nani ndipo uelewe ukubwa wa tusi hilo. Karisa ni jirani yangu, tumetengwa na ua tu. Tulijifunza kuezeka makuti mwaka mmoja, kwa fundi mmoja, na nakwambia bila kuona haya kwamba mkono wake si mkono wangu. Mimi shule niliiacha darasa la tatu. Sikushikwa mkono na mtu. Nyumba hii ninamoandikia nimeijenga kwa kuezeka nyumba za wengine, na paa ninalolifunga mimi linakaa.

Hata blogu mimi ndiye niliyetangulia. Binti yangu Dama, alipokuwa akisoma chuo pale Kilifi, ndiye aliyenifungulia. Mwanzo mimi nasema, yeye aandika. Baadaye nikajifunza mwenyewe kwa kidole kimoja. Niliandika namna ya kuchagua kuti, namna ya kulisuka, namna ya kulipanga lisipeperuke. Karisa alinicheka. "Mzee mzima wakaa kuchapa simu kama karani!" Kisha naye akafungua blogu yake, na sababu ya kunicheka ikazidi.

Maana simu ya Karisa ilianza kulia. Ina mlio mkubwa kama king'ora, kwa makusudi nadhani, na kila ilipolia mimi huku upande wa pili wa ua niliacha ninachofanya nikasikiliza. "Ndiyo, ndiyo mimi. Malindi? Nitakuja." Chai yangu ilikuwa ikipoa mkononi. Mke wangu aliniambia, "Baba Dama, hilo sikio lako litaota mizizi kwenye ua wa watu."

Nikaenda kusoma blogu yake. Makala zake fupi, maelezo nusunusu, picha za mapaa yaliyokwenda upande. Lakini chini ya kila makala, kwenye zile lebo, yale maneno madogo unayoyabandika ili mtu akitafuta jambo kwenye simu yake aletwe kwako, aliandika hivi: paa linavuja, paa la nyasi, Malindi.

Nyasi! Mwanangu, makuti hutoka kwenye mnazi. Nyasi huliwa na ng'ombe. Niliona mtu huyu ameuza kazi yetu kwa watu wa bara kwa kuwachekea ujinga wao.

Na lebo zangu mimi? Chini ya kila makala zilikuwa zile zile: jina langu lote na la baba yangu, fundi namba moja, mfalme wa makuti, kazi safi. Dama aliniuliza mapema, "Baba, nani atakayekaa kitako aandike 'mfalme wa makuti' kwenye simu yake?"

"Anayemtaka mfalme," nikamjibu.

Akanirudishia simu. Mfalme alikaa muda mrefu bila mgeni.

Hapo Safari, fundi mwenzangu ambaye bila yeye sipandi paa kubwa, akaja kunisalimia asubuhi moja akiwa amesimama, hataki kiti. "Kaka, tusifichane. Nina watoto. Mwezi huu ukipita hivi, mimi naruka ua nahamia kwa Karisa."

Angesema anahamia Mombasa ningemfungia chakula cha njiani. Lakini kwa Karisa! Wivu, mwanangu, ulinipanda mpaka nikaonja uchungu ulimini. Nikashika simu, nikafungua makala zangu zote moja baada ya nyingine, na kwenye kila moja nikaongeza lebo: Karisa fundi wa makuti. Nikajiambia, wanaomtafuta yeye watanipata mimi, wataona kazi yangu, watamsahau. Nikalala vizuri.

Sasa rudi juu ya paa, ambapo mama yule anasubiri jibu.

"Mimi si Karisa," nikamwambia. "Mimi ni bora kuliko Karisa."

"Aa. Na mbona nimebonyeza Karisa ukatokea wewe?"

"Mtandao ndivyo ulivyo, mama."

"Mtandao gani? Hapa chini umeandika jina lake mwenyewe, naliona. Mzee, kama wewe ni bora, si ungejiandika wewe? Mimi niko na hoteli hapa Malindi, Kisumu Ndogo, mvua inaingia kwa sufuria. Nataka mtu wa ukweli." Akakata.

Jioni ile king'ora kililia upande wa pili. "Ndiyo, ndiyo mimi. Kisumu Ndogo? Mama Atieno? Nitakuja kesho."

Kesho yake sikukaa nyumbani kumwona akiondoka na ngazi yake. Nikaenda sokoni Kilifi kwa shangazi yangu Kadzo, dada wa baba, ambaye ameuza viungo pale tangu mimi sijaoa. Nilitaka anionee huruma.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Uso huo umeubeba wa nini? Kaa hapo, usizibe wateja."

Nikamweleza yote. Nilipofika penye lebo ya Karisa akaacha kumenya vitunguu saumu.

"Umeandika jina la mtu mwingine kwenye mlango wako?"

"Shangazi, ni mtandao tu."

"Mtandao tu, na walionaswa ni samaki wa mwenzio, nao wakakutemea mate." Kabla sijajibu akaja kijana mmoja akikohoa. "Mama, una kitu cha kifua?" Shangazi akampa tangawizi na mdalasini. Akaja mwanamke, "Nataka kile cha kutia kwa pilau inukie." Akapewa iliki. Walipokwenda akanigeukia.

"Umesikia kuna aliyesema 'namtaka Kadzo binti wa fulani, bingwa wa viungo'? Mtu haji na jina langu mdomoni. Aja na kikohozi chake. Nami nikimwambia hapa hapana kitu cha kifua, hapa ni tangawizi, ataondoka na kikohozi chake hadi kibanda cha pili. Jina langu atalijua akishapona."

"Lakini watu huyaita makuti nyasi, shangazi!"

"Waite hata manyoya. Ukishawapata ndani, wafundishe. Na huo wivu wako, kama huwezi kuutoa, basi ufanyishe kazi. Wamtazama Karisa anakula nini. Tazama amesahau nini."

Neno hilo la mwisho ndilo nililorudi nalo Tezo.

Nikafuta jina la Karisa kila mahali. Nikamfuta na mfalme. Huyo aliniuma zaidi. Kisha nikakaa na blogu ya Karisa kama anayekagua paa, natafuta tundu. Kuvuja ameandika. Upepo ameandika. Moto ameandika. Nikatoka, nikazunguka vihoteli vya makuti huku na huku, nanunua chai nisiyoitaka, naacha watu walalamike. Nikasikia lile lile: kuna unga unadondoka kwenye chakula.

Unga ule naujua mimi. Si wa kuti. Ni fito zilizokatwa zikafungwa mbichi, bila kulazwa kwanza kwenye maji ya chumvi, na wadudu wanazitoboa. Nikaandika makala moja, ndefu, sikuficha hata siri ya dawa yake. Chini nikaweka lebo chache: makuti, unga wadondoka kutoka paani, hoteli, Malindi. Likabaki lile neno nililolichukia; nikafumba macho nikaliandika. Paa la nyasi.

Ndani ya makala, mstari wa kwanza kabisa, nikaeleza kwamba wengine huliita nyasi ila ni makuti. Heshima yangu ilihitaji hilo.

Siku zikapita, mvua zikaisha, jua likakausha kila kitu. Safari alikuwa ameshaanza kuulizia kazi kwa Karisa. Simu ikalia.

"Hallo, hapo ni kwa ile makala ya unga?"

Sauti niliitambua. Nikasafisha koo. "Ndipo, mama."

"Mimi niko Kisumu Ndogo. Wateja wanasema natia vumbi kwa ugali. Karisa alikuja, akaziba mvua, lakini hii unga hajui." Hapo akanitambua. "Ngoja. Wewe si ni yule bora kuliko Karisa?"

"Ndiye mimi, mama."

"Na leo umeandika jina lako?"

"Leo nimeandika shida yako."

Akacheka. "Haya, kuja."

Tulikwenda mimi na Safari. Tulipofika nilikagua kwanza pale Karisa alipoziba. Hapavuji. Nilitamani pavuje, lakini hapavuji. Tukabadilisha fito, tukamaliza, na mama yule akawatuma wenzake kwangu. Safari hakuruka ua. Karisa akanichungulia siku moja: "Jirani, nasikia siku hizi hata wewe waezeka nyasi?" Nikamjibu naezeka chochote wanachokiita.

Basi, mwanangu, wewe unayeandika leo, sikia. Kabla ya kubandika lebo, mfikirie mtu asiyekujua, ana shida yake mkononi. Andika atakavyoiita yeye, na mahali alipo. Chache zinatosha, mradi kila moja iwe kweli ndani ya makala, maana anayekuja akakosa ulichomwitia harudi tena. Jambo moja liite jina moja kila mara, ili atakayebonyeza lebo azikute makala zako zote pamoja. Sifa zako waachie wengine. Jina la mwenzako liache kwenye mlango wake. Na wivu ukikushika, usiuache ukushikie simu.

Mungu akupe wageni wanaokuja na haja zao na kuondoka na jina lako. Akuzidishie kazi ya mikono na afya ya macho. Na jirani yako naye apate, ila simu yake, Mola, ipunguzwe sauti.