Filta Niliyoipima kwa Mkono

Kusubiri sijui. Mama yangu, ambaye sisi Wasukuma wa nyumbani tulimwita mayu, alikuwa akisema nilizaliwa kabla mkunga hajanawa mikono. Katikati ya miaka ya tisini yeye aliishi Usevya, na macho yake yalikuwa yameingia ukungu kiasi kwamba hata ng'ombe wake aliwatambua kwa kuwagusa. Tukapata habari kuwa daktari wa macho atakaa Tabora wiki moja tu. Ili tumuwahi, ilibidi tupande treni ya Alhamisi mchana kutoka Mpanda. Kazi yangu ilikuwa kumleta mayu kwa pikapu yangu, kupanda naye treni, na kumshika mkono mpaka mlango wa hospitali.

Jumatano asubuhi, uani kwangu Nsemulwa, nikamwaga oili ya zamani. Ilitoka nyeusi tii, nikajua filta nayo imekwisha. Fundi wangu alikuwa ameenda msibani Kabungu na aliacha ujumbe: "Filta usinunue mpaka nirudi jioni. Nyie watu wa ng'ombe mnajua kukagua meno tu." Nikasonya. Jioni ni lini? Nikaenda dukani mwenyewe, tena mbio mbio.

Muuza duka aliweka filta mbili mezani. Moja ilikuwa kwenye boksi lililopondwapondwa na safari, nyepesi. Nyingine boksi lake liling'aa, nzito.

"Chukua hii nyepesi," alisema taratibu. "Bonyeza mpira wake, uone ulivyo laini. Chungulia ndani, karatasi imejaa. Hiyo nyingine naiweka tu kwa sababu watu wanaipenda."

Alikuwa ananiambia ukweli mtupu, na mimi nikaona ananibambikia mzigo uliomdodea. Kwetu hununui kuku kabla hujamnyanyua, na mwepesi unamrudisha. Nikazinyanyua zote mbili. Nikachukua nzito, sikubonyeza wala sikuchungulia, nikarudi kuifunga mwenyewe, nikajaza oili mpya na kuondoka kwenda Usevya.

Kwenda kulikuwa kuzuri. Alhamisi alfajiri nikampakia mayu, tukatoka. Tulipokuwa porini, Sitalike bado iko mbele, taa ya oili ikawaka. Nilizima injini haraka. Chini ya gari mpira wa filta ulikuwa umetokeza pembeni, mgumu kama ukoko, na oili imetapakaa mpaka kwenye tairi. Mbung'o wakaanza kutuuma. Nikaingia uvunguni na kitambaa, nikitukana filta, nikitukana muuza duka, wakati mwenye kosa ni mimi.

Baada ya muda likaja lori la mpunga. Dereva akasema mbele kuna nafasi ya mtu mmoja, mwingine apande juu ya magunia. Mwanamke mmoja aliyekuwa ndani ya lori akasema na yeye anaenda Tabora, mayu akae naye. Nilitakiwa kuacha gari na kupanda juu. Lakini kuketi juu ya magunia nikitazama nyuma, gari langu limebaki porini, sikuweza.

"Tangulieni," nikawaambia nikiwa uvunguni. "Nafunga mpira tu, nitawakuta stesheni."

Mayu aliniita mara mbili. Nikamwambia aende, atachelewa.

Sikuwakuta. Nilifika Mpanda siku ya pili nikivutwa na trekta. Fundi aliikata ile filta kwa msumeno, akanionyesha bila kunitania: uzito wote ulikuwa bati. Karatasi ya ndani ilikuwa mikunjo michache tu.

Siku zilizofuata sikulala vizuri wala sikukaa mahali. Kila treni ilipoingia nilikuwa stesheni. Katika mojawapo mayu akashuka peke yake, bila fimbo, akanitazama usoni kwa muda mrefu, akasema nimezeeka. Nililia mbele za watu.

Tukiwa njiani kwenda nyumbani akaniuliza kuhusu yule mwanamke wa kwenye lori. Huyo ndiye aliyemshika mkono mpaka Tabora, akamlisha, akamkabidhi kwa nesi, akaenda zake kabla bandeji hazijafunguliwa.

"Anafananaje?" mayu akauliza. "Nataka nikikutana naye nimjue."

Mimi mwenye macho mazima sikuwa hata nimetoa kichwa uvunguni nimtazame.