Sukari ya Uji wa Saa Nne

Darasa langu la chekechea liko ubavuni mwa kanisa, huku Tabata, na utaratibu wetu haujabadilika tangu nianze kufundisha: muhula ukifunguliwa, kila mtoto huja na kilo ya sukari kwa ajili ya uji wa saa nne. Mwaka huu nikajifanya mjanja. Kila aliyeleta nilimsimamisha mbele, wenzake wakampigia makofi. Nilidhani nafundisha ukarimu.

Wote walipigiwa makofi isipokuwa binti mmoja wa miaka mitano, anayelelewa na bibi yake muuza vitumbua. Bibi alishaniambia mapema kwamba hali ni ngumu, nami nikamwambia asijali, mjukuu wake atakunywa kama wenzake. Kumbe mtoto mwenyewe hakuna aliyemwambia. Siku ya tatu nilikuta kikombe chake kimejaa hadi juu, uji umeshika utando. Nilipomuuliza, akatazama chini. Aliyenijibu ni msichana anayekaa naye benchi moja, mtoto mwenye sauti ya mnadani.

"Hanywi kwa sababu sukari si yake, mwalimu. Hakupigiwa makofi."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Hasira zangu huwa karibu, na siku hiyo hapakuwa na wa kumkasirikia ila mimi. Nilimbembeleza, akatikisa kichwa. Kila siku tunafumba macho kumshukuru Mungu kwa uji ule, na mimi ndiye niliyemfanya mtoto mmoja ajione hastahili kuunywa.

Kesho yake ilikuwa zamu ya somo la kuyeyuka. Nilikuwa nimeandaa glasi tatu, za mchanga, chumvi na mafuta ya kula. Nikaziacha zote. Nilileta jagi la kioo lenye maji, nikawaita walioleta sukari, kila mmoja atie kijiko chake. Yule binti nilimpa mwiko. Alikoroga kwa bidii, ulimi nje, wenzake wakiangalia sukari inavyozunguka, inavyopungua, mpaka haikuonekana tena. Kisha nikawaambia kila mmoja achukue sukari yake, tuone.

Walihangaika kweli. Walijaribu chujio la chai, wakajaribu kijiko, mmoja akataka kuzamisha mkono nikamuwahi. Mwenye sauti ya mnadani alichungulia jagi kwa chini, akatangaza kwamba sukari imeisha. Nikawaonjesha. Haikuisha, ilikuwa kila mahali, na hakuna aliyeweza kusema tone lipi ni la nani. Nikawaeleza kwamba huko ndiko kuyeyuka, na kwamba Yesu anataka tutoe vivyo hivyo: ukishatoa, usirudi tena kutafuta chako. Nikawaambia pia kwamba yale makofi yalikuwa kosa la mwalimu, na nikawaomba radhi. Darasa zima lilinikodolea macho. Hawajazoea mwalimu aombe radhi.

Nilidhani nimemaliza, lakini mwenye sauti ya mnadani alikuwa bado anawaza. Alimgeukia jirani yake mwenye mwiko.

"Lakini wewe ndo umekoroga," akamwambia. "Usingekoroga, ingekaa tu chini."

Hilo sikumfundisha mimi. Nimekaa kwenye semina za walimu mpaka nikasinzia, na sijawahi kusikia mtu akiunganisha sayansi na upendo kwa maneno machache namna ile. Najivunia mtoto yule kama nimemzaa, na sitaki kuficha. Binti mwenyewe alirudisha mwiko mezani taratibu, akakaa.

Saa nne uji ukagawiwa, tukaanza sala. Katikati ya sala nilifumbua jicho moja, kosa ambalo mimi huwagombezea watoto kila siku. Wote walikuwa wamefumba, mikono imekutana vizuri, isipokuwa yule binti. Hakungoja amina. Kikombe kilikuwa mdomoni, kimeinuliwa kwa mikono miwili, na alikuwa anakunywa.