Maelezo ya Mzee Kikoti Kwenye Blauzi Yangu

Jamani, hii habari nimeikalia kimya muda mrefu, lakini kwa kuwa watu wa Iyunga wameshaanza kuisimulia kwa kuongeza chumvi, heri niitangaze mwenyewe aibu yangu, na mkicheka chekeni taratibu.

Mimi ni fundi wa kompyuta kwenye chuo kimoja kidogo cha mifugo chenye matawi mawili, moja Iringa, hapa Ipogolo, na lingine kwetu Mbeya, pale Iyunga. Kila tawi lilikuwa na saraka yake, yaani ile orodha kuu inayokaa ndani ya seva, yenye majina ya watumishi, namba zao za simu na nywila zao, na saraka hizo mbili zilikuwa hazijuani kabisa, kiasi kwamba mwalimu wa Mbeya akija kufundisha Iringa wiki moja, kompyuta zetu zinamkataa kama mgeni asiye na barua ya mtendaji. Dawa yake ni kuweka seva wakala mbele ya zote mbili. Kazi yake ni kama ya mlinzi wa getini: wewe unamuuliza yeye tu, yeye ndiye anayejua akaulize Iringa au Mbeya. Bodi ilitaka kuleta mafundi kutoka Dar. Mkuu wetu, Mama Nyenza, akawaambia, "Tunaye Atupele. Tumpe nafasi." Na mkataba wangu wa muda ulikuwa unaisha mwezi uleule, kwa hiyo nilijua wazi kwamba ikikubali napewa ajira ya kudumu, ikikataa narudi Iyunga kumsaidia mama kuuza ndizi (mama angefurahi, mimi hapana).

Sasa kuna jambo lazima niliungame kwanza. Nilipofika Iringa mara ya kwanza niliambiwa niwaandikishe watumishi wote kwenye saraka, na mimi sura za watu zinanipotea vibaya, halafu akina Sanga walikuwa watatu, halafu mtu ambaye chuo kizima kinamwita Mama Upendo, ukienda kwenye karatasi unakuta anaitwa Agnesta. Kwenye saraka kuna kisanduku cha maelezo ambacho hakuna programu hata moja pale chuoni iliyokuwa inakisoma, basi nikawa naandika humo alama zangu za kumtambulia kila mtu. Baadaye nikawazoea watu, na zile alama nikazisahau. Nilizisahau kweli, naapa.

Siku yenyewe nilianza kazi saa mbili asubuhi, na kikao cha kuonyesha matokeo kilikuwa saa nne. Seva wakala ile haina picha za kubofya, unaandika amri kwenye skrini nyeusi, nayo inakuuliza maswali ya Kizungu, na kila swali linakuja na jibu lake tayari kwenye mabano, ukiridhika nalo unabonyeza Enter. Mwanzoni nilisoma kwa adabu zote. Seva iitwe nani, nikajibu. Ya Iringa iko wapi, ya Mbeya iko wapi, nikajibu, cheti cha usalama nikakikagua herufi kwa herufi kama polisi wa barabarani. Lakini kufika swali la kumi na mbili mkono ulishazoea Enter, na likaja swali linalouliza taarifa zipi zipite na zipi zifichwe, jibu la kwenye mabano likiwa: zote zipite. Hapohapo Mama Upendo, yule wa masijala, akachungulia mlangoni.

"Wewe Atu! Viazi vinapoa na watu wa Mbeya wako hewani!"

Nikabonyeza Enter.

Ukumbini walikuwa wamejaa, projekta inamulika ukutani, na wenzetu wa Iyunga wako kwenye simu ya video, wamebanana mbele ya kamera wanatupungia. Nikaeleza kidogo, nikajiona mtu kweli, nikauliza nimtafute nani kwa mfano. Mzee Kikoti, mtunza stoo, akanyoosha mkono. "Anza na mimi, tuone kama nimo."

Nikaandika amri, jina la Kikoti na alama ya nyota mbele yake. Likatokea jina, ikatokea namba ya simu, watu wakaanza kupiga makofi, halafu chini yake: *Mzee wa koti la kijivu. Usimsalimie kabla ya chai, hajibu, utaharibu siku yako.*

Makofi yakakatika. Mzee Kikoti alikuwa amevaa hilo hilo koti.

Akili ikanituma nizibe, nikaruka mbele ya projekta, na mimi siku hiyo nimevaa blauzi nyeupe (ya kikao, nimeipiga pasi), basi maelezo ya Mzee Kikoti yakahamia kifuani kwangu na yakasomeka vizuri kuliko yalivyokuwa ukutani. Nikarudi kwenye kompyuta mbio. Nia yangu ilikuwa nitafute jina langu mwenyewe ili yale maneno yapande juu yapotee, nikaiita ile amri ya mwanzo, nikafuta neno Kikoti, na kabla sijaandika Atupele kidole kikagusa Enter, nyota ikabaki peke yake. Na nyota ikiwa peke yake, kwenye lugha ya saraka maana yake ni moja tu: niletee wote.

Ukuta ukaanza kukimbia. Watumishi wote wakapita juu kwa kasi, na watu wakanasa neno moja hapa, neno pale. Ulipotulia nikashukuru Mungu kwamba hakuna aliyewahi kusoma.

"Rudisha juu," Mama Nyenza akasema. "Taratibu."

Nikarudisha. *Sanga mrefu. Sanga wa kusinzia vikaoni. Sanga wa tatu, bado sijamwelewa.* Wa kusinzia akaamshwa aje asome. *Mama Upendo: habari ukimpa huyu, usihangaike kubandika tangazo.* Mwenyewe akapiga kelele, "Mwongo mkubwa we!" na chumba kizima kikacheka, na watu wa Iyunga kwenye simu wanauliza, "Jamani mnalia au mnacheka?" Mimi machozi yalikuwa yananilenga, maana kila mstari niliuona unanisogeza kwenye meza ya ndizi.

Kisha likaja la mkuu. *Anatisha. Ukimwona anakuja, jifanye unaongea na simu.* Hakuna aliyecheka. Lakini chini yake palikuwa na mstari wa pili, ambao nilikuwa nimeuongeza mwenyewe: *Nilikosea. Baba alipofariki alinipeleka kwenye basi yeye mwenyewe, akanifungia viazi vya njiani.*

Mama Nyenza akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Huo wa kwanza ufute," akasema. "Endelea kushuka."

Nikashuka hadi chini kabisa, na hapo, katika watu wote, Mzee Kikoti ndiye aliyeinuka, akausogelea ukuta. "Ngoja kwanza, binti. Huyu Mwaisaka si yule wa Iyunga? Na huyu. Na huyu. Hawa wote si wa Mbeya? Wamefikaje huku?"

Nikatazama. Nilikuwa nimezama kwenye aibu mpaka sikuona kwamba swali moja, kwenye geti moja, lilikuwa limeleta watu wa matawi yote mawili. Nikajibu kwa sauti ndogo, "Ni... ndiyo kazi yenyewe, mzee. Imekubali."

Makofi yakaanzia Mbeya.

Mama Nyenza akaninyooshea kidole. "Kwenye jina lako wewe sijaona maelezo. Andika." Nikakaa kuandika, mbele ya wote, herufi zangu zikitokea ukutani. Mzee Kikoti akasema, "Andika: anabonyeza kabla hajasoma." Mama Upendo akasema, "Ana umbea wa maandishi." Mkuu akamalizia, "Weka na hili: ni wa kwetu." Kidole kikaenda kwenye Enter.

"Umesoma?" akauliza.

Nikasoma yote kwa sauti, halafu ndipo nikabonyeza. Kisha nikatoa amri ya kukificha kile kisanduku.

Mzee Kikoti nilimwomba msamaha jioni ileile, akaguna tu. Kesho yake, saa moja na nusu, nikiwa nimeinamisha kichwa nampita, nikasikia nyuma yangu salamu ya Kihehe, "Kamwene, Atu. Na chai bado sijanywa."

Barua ya ajira ilitoka kabla mwezi haujaisha. Niliisoma mara nne kabla ya kusaini, na tangu siku ile nimeapa sibonyezi kitu bila kukisoma kwa sauti kwanza. Juzi nilikuwa nyumbani Iyunga namwekea mama programu kwenye simu yake, nasoma swali moja moja, je unakubali, je unaruhusu, macho nimeyakaza. Mama kaniangalia tu, na nilipofika la mwisho akaitikia, "Amina."