Mrehani wa Sekei

Nyumba yetu ya Sekei tuliinunua kwa sharti la kumwagilia mrehani. Zilikuwa enzi za ruksa, kila mtu anauza, kila mtu ananunua, na mama yangu alikuwa amechoka na chumba cha kupanga Kijenge na kugombania kamba ya kuanikia nguo. Aliyetuuzia alikuwa bibi wa Kihindi, mjane, anayehamia kwa mwanawe Uingereza. Tulishamlipa, ila kusaini uhamisho wa hati hakutaka.

"Nitarudi baada ya mwaka," alimwambia mama, akiuonyesha mrehani uliopandwa juu ya kinguzo cha saruji uani. "Mbele ya huu naomba Mungu kila asubuhi. Nikiukuta mzima, nitasaini."

Baba alicheka. Mama hakucheka, maana alishachagua mapazia.

Basi mama, mwanakwaya wa Kilutheri, akawa anadamka kumwagilia mmea wa Kihindu. Mzee wa kanisa alipokuja kuibariki nyumba, akauliza mbona mmea umewekwa juu kama madhabahu. "Dawa ya tumbo," mama akajibu, akamchumia majani. Ikabidi ayanywe na chai. Mimi, mtoto wa miaka kumi, nilicheka mpaka nikafukuzwa sebuleni.

Kisha babu akatutumia mbuzi kutoka Machame, zawadi ya nyumba mpya. Niliambiwa nimfunge. Nilimfunga, lakini urefu wa kamba niliupima kwa macho tu. Wiki moja kabla ya bibi kurudi, tuliamka tukamkuta mbuzi amesimama juu ya kinguzo, anamalizia shina.

Mama hakunipiga, na hilo ndilo lililonitisha. Baba alishauri tununue mrehani mwingine sokoni.

"Mtu aliyeishi nao miaka yote hiyo hataujua?" mama akafoka. Akapanda basi kwenda Machame, akarudi na tawi la isale. Kwetu Uchaggani, ukimkosea mtu kisha ukamwendea na isale mkononi, hawezi kukunyima msamaha.

Bibi alipofika, mama alimpokea getini kwa magoti, isale mbele.

"Shikamoo, mama. Nimekosa. Mbuzi ameula."

"Marahaba," bibi akajibu, akimtazama mbuzi. Mbuzi naye akamtazama.

Hakuna aliyekuwa amemweleza maana ya isale. Alilipokea, akalinusa, akaenda moja kwa moja kulichomeka kwenye udongo wa kinguzo. Akaagiza maji, akalimwagilia, akafumba macho na kuomba kwa lugha yake. Mama akaitikia "Amina" mara mbili, zote kabla ya wakati.

"Utalimwagilia kila siku?" bibi akauliza.

"Kila siku, mama."

"Haya, lete kalamu."

Isale halina haja ya kumwagiliwa. Kwetu hulichomeka mpakani mwa shamba na kulisahau, na mama alilijua hilo kuliko sisi sote. Alilimwagilia mpaka mwaka aliokufa, hata masika, kopo mkono mmoja na mwavuli mkono wa pili.