Michembe Niliyoikana Bwaloni

Siku ile naikumbuka, mwanangu, ingawa huenda mengine nayachanganya. Shule yangu iliishia kidato cha pili.

Umeniambia unakwenda bweni, na kwamba kwenye hadithi unazosoma wasichana wa bweni hupendana kama ndugu, na kifurushi kikitoka nyumbani wote hukizunguka kwa furaha. Hata mimi nilisoma za namna hiyo. Nikaenda shule moja upande wa Butimba nikiziamini.

Kumbe bwaloni kila meza ina wenyewe. Ya dirishani ilikuwa ya kina Rehema, mabinti wa mjini wenye siagi na maziwa ya unga kwenye matranka. Mimi wa Igoma, enzi hizo mashamba matupu, niliitamani meza ile mpaka nikakonda. Jirani yangu wa kitanda alikuwa Kabula, msichana mpole wa kijijini, ndiye aliyenionyesha hata bomba la maji. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Nilikuwa naujua msemo huo, tena kwa kuuandika ubaoni.

Jumamosi moja mama akaniletea mfuko wa michembe, viazi vitamu alivyovikata na kuvianika mwenyewe. Nikaupeleka dirishani mbio. Rehema akachungulia.

"Jamani, nani katuletea magome ya mti?"

Meza ikaangua kicheko.

"Ya Kabula," nikasema. "Kanituma nimshikie tu."

Kabula alikuwa meza ya pili, akasikia kila neno. Alikuja akauchukua mfuko. Kuanzia hapo wakamwita Magome, naye akaacha kuja bwaloni.

Wiki iliyofuata matroni akaniita stoo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mama yako na mfuko wake nilimpokea mimi getini. Sasa Kabula anafunga tranka arudi kwao. Mkataa kwao mtumwa, binti. Wewe umekataa kwenu, utumwa ukambebesha mwenzio."

"Nitasemaje, mama?"

"Mdomo wa kusema uongo uliupata wapi? Tumia huo huo."

Jioni nikasimama bwaloni. "Michembe ilikuwa yangu. Kaianika mama yangu." Wengine walicheka, si wote. Na nimtendee haki Rehema: yeye alitania tu, uongo ulikuwa wangu.

Nilimkuta Kabula amekaa juu ya tranka.

"Nimeshaambiwa," akasema. "Umechelewa, lakini umesema."

Akalifungua, akaanza kutoa nguo moja moja. Urafiki wenyewe ulichukua muhula mzima.

Basi mwanangu, hadithi zako soma. Ila hadithi hukupa rafiki kwa kurasa mbili. Bweni litakudai siku nyingi. Vikundi utavikuta, na sidhani vyote ni vibaya, wengi humo wanaogopana tu. Usimtoe mtu ili upate kiti. Na ukikosea mbele ya watu, rekebisha mbele yao hao hao. Sijui kama nimelisema vizuri, ila ndivyo nilivyolijua.

Nenda salama. Mungu akupe mwenzio mmoja wa kweli, nawe akufanye wa kweli kwake.