Siku Niliyoyapima Maji ya Vita

Maji yanajuaje kama mkono unaoyagusa ni wa msichana? Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, mtaani kwetu Alunguli, niliuliza hivyo mbele ya watu wazima. Bibi alikohoa. Kaka yangu Shabani alicheka. Kisha wote wakarudi kwenye sombe yao, mboga ya majani ya muhogo.

Ilikuwa miaka ya vita. Shule ilikuwa imefungwa, Baba alikuwa amekwama Kampene kwa sababu barabara haikupitika, na mimi nilibaki uani na beseni la maji. Nilijaribu kila kitu kilichonijia mkononi. Msumari unazama, kizibo kinaelea. Yai bichi linazama, lakini ukikoroga chumvi nyingi, linapanda juu lenyewe! Kwa chumvi ile nilichapwa, na kusema kweli nilistahili, maana mtaa mzima ulikuwa unakula bila chumvi.

Basi Shabani, mwenye miaka kumi na saba, akaleta nyumbani chupa ndogo ya maji yenye majani ndani. Alipewa na vijana wa msituni waliokuwa wakipigana na askari walioshika mji. Ukijinyunyizia maji yale, walisema, risasi ikikufikia inageuka maji. Masharti yalikuwa mengi, na moja lilituhusu mimi na Bibi: mwanamke asiyaguse. Akiyagusa, nguvu inakufa. Shabani angeondoka na wenzake siku ya Ijumaa, baada ya sala.

Watu walidhani nauliza kwa ubishi. Ubishi ninao, sikatai. Lakini siku zile nilikuwa naogopa. Kama yale yalikuwa maji tu, kaka yangu alikuwa anakwenda kufa, na nyumbani hakuna aliyetaka kujua.

Ijumaa asubuhi alipokwenda kuoga, niliitoa chupa alipoiweka, juu ya mlango. Nilichukua mapapai mawili mabichi ambayo Bibi aliyaweka ya kupika, nikayapanga juu ya kinu kilichopinduliwa. Moja nikalinyunyizia maji ya vita, jingine nikaliacha kavu. Nikahesabu hatua kumi, nikachukua manati ya Shabani mwenyewe, nikapiga kila papai mara tatu kwa vijiwe vya ukubwa mmoja. Yote mawili yalitoboka. Yote mawili yalitoa utomvu mweupe.

Shabani akaingia, kichwa kikimchuruzika maji.

“Weye! Umefanya nini?”

“Nimeyajaribu. Hayazuii hata kijiwe.”

“Hayazuii kwa sababu umeyagusa! Mutoto mwanamuke, umeniua!”

Hebu tazama mtego ulivyotegwa. Maji yakifanya kazi, sifa ni za maji. Yakishindwa, msichana wa kubebeshwa lawama hakosekani. Leo kwenye midahalo ya chuo, mtu akija na hoja ya namna hiyo simwachi afike mwisho. Siku ile nilikuwa na machozi tu, na hasira. Hasira ndiyo iliyosema:

“Basi yamekwisha kufa! Utakwenda nayo wapi?”

Bibi, aliyekuwa akimenya muhogo, akaweka kisu chini.

“Mutoto amesema. Maji iko imekufa. Uende uombe ingine.”

“Bibi, kupata ingine njo siku saba! Wenzangu wanaondoka leo!”

“Basi ungoje siku saba. Njo sheria yenu, hapana yangu.” Kisha akayaokota mapapai, akayageuza geuza. “Na hii njo chakula ya mangaribi. Mutatema vijiwe.”

Tulivitema kweli.

Wenzake watano waliondoka bila yeye. Niliowaona tena ni wawili. Siku ya saba ilipofika, Shabani hakuulizia maji mengine, na sisi hatukumkumbusha.

Mimi nililipia kwa namna yangu. Muda mrefu wasichana wenzangu kisimani hawakutaka nishike ndoo zao. Nilikuwa yule anayeua maji. Lakini kinachonisumbua hadi leo ni kingine. Shabani hakuokolewa na jaribio langu, kwa sababu hakuliamini hata kidogo. Aliokolewa na imani ileile iliyoutukana mkono wangu. Nilitaka kushinda kwa ushahidi. Nikashinda kwa matusi yao. Nimelijadili jambo hili na nafsi yangu miaka mingi, na bado sijui nani ana pointi.

Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza Bibi kama yeye aliyaamini maji yale. Alinitazama kama niliyeuliza upuuzi. “Nilikuwa naamini mujukuu yangu hapana kwenda,” akasema.

Shabani sasa ana bustani ya mboga, na ana binti. Mwezi uliopita nilimkuta mtoto amemwaga mafuta ya mawese ya mama yake ndani ya maji, anataka kujua kwa nini hayazami. Nilisubiri kelele. Shabani akafuta mikono kwenye suruali, akachuchumaa karibu naye.

“Sijui, mama. Mwaga tena kidogo, tuone.”

Ilinibidi nitoke nje kwanza, nipumue.

Nina ombi moja kwako. Binti yako akipeleka mkono kwenye chombo cha maji, usimvute nyuma kabla hajakuambia anatafuta nini.