Siku Mama Mkwe Alipochemsha Maziwa

Ukiolewa kwenye boma la ng'ombe, umeolewa na ng'ombe pia. Boma letu lilikuwa nyuma ya mji mdogo wa Tinde, miaka ya sabini. Mume wangu alipokwenda upande wa Geita kutafuta dhahabu, kukamua kukawa kazi yangu, na kuzalisha pia. Nilikuwa hodari, nasema bila kuona haya. Ng'ombe akishindwa kuzaa niliitwa mimi, kwa kuwa mkono wangu ni mwembamba.

Mwaka mmoja ng'ombe watatu waliharibu mimba. Niliwatoa kondo la nyuma kwa mikono mitupu, nikanawa kwa maji ya kibuyu, nikaenda kusonga ugali.

Kisha nami nikaharibu mimba. Mume akaja, akaondoka, nikaharibu ya pili. Homa ilinijia kila jioni, jasho likalowesha mkeka, mgongo ukauma kama wa kikongwe. Zahanati walinipa vidonge vya malaria hadi mwili ukaniwasha kama nimepakwa upupu. Mashangazi wa mume wakaanza kusema wazi kwamba aoe mwingine. Mama mkwe hakusema kitu, na kimya chake ndicho kilichonitisha zaidi.

Kumbe alikuwa anaweka nauli. Alinipeleka mwenyewe hospitali ya Shinyanga.

Daktari akaniuliza, "Mama, nyumbani unafanya kazi gani?"

Nikapandwa na hasira. Naumwa, yeye anauliza kazi! "Nakamua ng'ombe, nazalisha ng'ombe, nazoa mavi ya ng'ombe. Unataka na ya kuku?"

Mama mkwe akanifinya. Daktari akacheka, kisha akauliza kama ng'ombe wetu huharibu mimba, na kama maziwa tunachemsha. Hapo mama mkwe nusura aanguke kwenye benchi. Kwetu kila mtu alijua kwamba ukichemsha maziwa, chuchu zilizoyatoa zinakauka.

Damu yangu ikapimwa. Tuliporudi kuchukua majibu, daktari alieleza kwamba kuna vijidudu vinavyoishi ndani ya ng'ombe, kwenye kondo na maziwa mabichi, na humwingia anayewahudumia au kunywa maziwa hayo. Huenda ndivyo vilivyoniharibia mimba. Nikaandikiwa sindano na vidonge vya wiki nyingi. "Mikono inawe kwa sabuni, na maziwa yachemshwe," akasema, akimtazama mama mkwe.

Njiani nilimwaza mama mkwe. Ng'ombe wale walikuwa maisha yake, na wajukuu wote waliishi kwa maziwa yao. Niliamua nitaacha tu kunywa, kimyakimya, nisimletee balaa.

Asubuhi nilimkuta jikoni, sufuria ya maziwa iko motoni.

"Mayu, ng'ombe watakauka," nikamwambia, maana kwetu mama huitwa Mayu.

"Wakauke. Ng'ombe tutapata wengine. Wewe nitakupata wapi?"

Nikalia pale pale. Maziwa nayo yakapanda, yakafurika, yakazima moto, maana hakuna kati yetu aliyejua kwamba maziwa hufanya hivyo. Tulicheka mpaka majirani wakaja kuchungulia.

Hakuna ng'ombe aliyekauka. Lakini asubuhi ile yeye hakulijua hilo, na ndiyo sababu namshukuru hadi leo. Mwanangu wa kwanza alipozaliwa, yeye ndiye aliyempokea. Kabla ya kumgusa alinawa mikono kwa sabuni mara tatu, huku mtoto akilia na mimi nikimwambia, "Mayu, imetosha."